Kibarua wa Moyo Kifuani mwa Mzee Barakat

SEHEMU YA TISA

Najua mmegombana. Habari zimenifikia kwamba kinyozi mmoja wa Changamwe alimwacha mteja wake na nusu kichwa, akatoka nje na wembe mkononi kubishana na jirani yake kama Mzee Barakat kafa au hakufa. Basi kaeni kitako nyote, aliyebisha na aliyebishiwa, na yule mwenye nusu kichwa naye apewe kiti.

Mzee Barakat bin Yeslam, mwenye duka la hapa Likoni, tulimwacha chali juu ya mkeka mbele ya kadamnasi ya watu. Mkono wake ulikuwa bado umemshika bwana harusi, Mwidani Boga. Alikuwa amefika pale pazuri, kwenye "Nakuoza binti yangu Ala...", jina la mwanawe likamkatikia mdomoni kama uzi wa cherehani.

Mtu mmoja alidhani anakohoa. Mwingine akadhani analia, maana mababa wengi hulia siku ya kuozesha. Lakini midomo ilikuwa ikigeuka zambarau, na kofia imemviringika mpaka miguuni pa Shehe Bakari, msimamizi wa ndoa.

Nyuma ya pazia, Bi Mwanasaumu binti Babu aliyaona yote kwa jicho moja, kupitia tundu alilolitoboa mwenyewe tangu asubuhi. Pazia lilikuwa la watu, lakini tundu ni lake.

Mwanasaumu ndiye somo wa bi harusi. Ndiye aliyemfunda Alawiya, akamsinga, akamtia hina na piko miguuni kwa siku mbili bila kumruhusu kujikuna. Sauti yake huvuka ng'ambo bila kupanda feri. Na kwa sauti hiyo hiyo alikuwa amemwapia yule binti: "Mwanangu, maadam mimi ni hai, huingii nyumba ya mwanamume mwingine ila Mwidani Boga."

Kiapo rahisi, kama baba mtu asingeanguka.

Kwa sababu walii wa binti ni babake. Baba akiwa hai, neno ni lake. Baba akifa, neno lavuka kwa nduguye. Na ndugu wa Mzee Barakat ni Abud bin Yeslam, yule yule ambaye tangu sehemu ya kwanza anatutia uziwi kwamba binti wa Kiarabu haendi kwa Mdigo wa kubeba magunia bandarini, na kwamba Alawiya ni wa mwanawe, Karama.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema Abud, upesi upesi, hata kidole cha nduguye hajakigusa. "Shehe, mauti ni haki. Sasa walii ni mimi. Wewe Mwidani, toa mkono. Karama, mwanangu, njoo ukae."

Karama akachomoza nyuma ya nguzo. Amevaa joho.

Joho! La zari, na kilemba, na jambia kiunoni! Nani huenda harusi ya mwenziwe kavaa joho?

"Salaale!" Mwanasaumu aliliambia pazia. "Huyu kaja kuhudhuria au kaja kungojea?"

Lakini kijana mwenyewe alikuwa kakunja uso kama mtoto apelekwaye kwa ngariba. Babake alimvuta kwa mkono, yeye akavuta kwa mguu.

Alawiya alikuwa amesikia kila neno. Aling'ang'ania leso ya somo wake kwa vidole vyote kumi.

"Baba yangu, somo! Baba yangu! Na mimi nitakufa."

"Huna nafasi, mwanangu. Leo kufa kumeshachukuliwa. Kaa hapa, jifunike shela lako, usitoke, usitikisike. Naenda kuwazuia."

Kumbukeni maneno hayo. Usitoke, usitikisike. Akamwacha mwari peke yake chumbani, jambo ambalo somo yeyote wa Likoni angepigwa marufuku harusini miaka saba kwa kulifanya.

Ukumbi wa wanawake ulikuwa umeshageuka matanga. Bi Mwanatabu, jirani mkongwe ambaye hakosi msiba kutoka Shelly hadi Mtongwe, alikuwa amemkalisha Bi Zubeida, mke wa Barakat, amemgeuza uso ukutani na anamvua bangili.

"Vua, mwanangu. Mjane havai dhahabu. Eda haingoji."

"Lakini Bi Mwanatabu, mume wangu hata hajapoa!"

"Atapoa."

Mwanasaumu aliwaruka wote wawili, akalipasua pazia, akatokea mbele ya wanaume uso wazi na buibui limemning'inia bega moja. Wengine waliinamisha macho kwa adabu. Wengine waliyainamisha nusu.

Alichokikuta hakukitarajia. Mgeni mmoja alikuwa amempanda Mzee Barakat.

Alikuwa Daktari Pinto, yule Mgoa anayeishi jirani na msikiti, aliyealikwa kama jirani yeyote. Punje za wali zilikuwa bado kwenye masharubu yake. Amepiga magoti, ameweka viganja viwili juu ya kifua cha mzee, anabinya na kuachia, anabinya na kuachia.

"Ala!" akapiga kelele Abud. "Anamkanda maiti kama unga wa chapati! Mshikeni!"

Wanaume wawili wakasogea.

"Atakayenigusa," Daktari alisema bila kuinua kichwa, "huyo ndiye atakayekuwa amemuua. Nitamtaja jina lake mbele ya wote."

Wanaume wawili wakakumbuka kwamba wana kazi mahali pengine.

"Mwidani! Motokaa yangu, kiti cha nyuma, sanduku refu. Kimbia, kijana!"

Mwidani akakunja kanzu yake ya harusi mpaka magotini, akakimbia. Hatukuwahi kuona bwana harusi akiondoka mbio namna ile bila ndugu za mwanamke kumfuata na fimbo. Akarudi na sanduku begani ambalo wengine wangelibeba wanne.

Ndani mlitoka ubao wa kulalia mgongo, nguzo fupi ya chuma, mkono wa chuma wenye kisigino cha mpira, na mpini mrefu kama wa bomba la kisima. Wakamlaza mzee juu ya ubao. Kisigino kikatua katikati ya kifua. Chombo kilikuwa kimeshuka melini juma lile, kinakwenda hospitali ng'ambo, na Daktari alikuwa akikihifadhi ndani ya motokaa yake mpaka Jumatatu.

"Hicho ni nini?" Shehe Bakari aliuliza, kofia ya Barakat mikononi.

"Pampu ya moyo. Moyo wake umegoma. Nyinyi watu wa bandari mwajua mgomo ni nini." Daktari alimwekea Mwidani mikono penye mpini. "Huyu hapa si moyo mpya. Ni kibarua. Anashika zamu, anaisukuma damu, ubongo usife, mpaka mwenye kazi arudi. Sukuma!"

"Na mwenye kazi asiporudi?" Mwanasaumu aliuliza.

Daktari akamtazama. "Basi itabidi tumwachishe kazi kibarua naye, Bi."



Kat! Puu! Kat! Puu! Mwidani alisukuma mpini na machozi yanamtiririka, anamsukumia damu mkwewe asiyekuwa mkwewe bado. Zambarau ikaanza kutoka midomoni. Mashavu yakapata rangi ya mtu. Kidole kimoja kikacheza.

Mzee Barakat akafumbua macho.

Nusu ya wageni walitoweka. Mmoja aliruka ukuta na sinia la pilau, na wallahi halikumwagika hata punje.

"Pi... lau," akasema Mzee Barakat, kila kipande cha neno na pigo lake. "I... si... u-ngu... e."

"Kasema!" Mwanasaumu akapiga ukelele. "Zubeida, mumeo kasema!"

Kule ndani zikasikika bangili. "Nipe dhahabu yangu, Bi Mwanatabu!"

"Ngoja kwanza tuone, mwanangu. Huenda ni kwa muda."

"Nipe, nasema!"

Daktari alimwashiria Mwidani asimamishe. Mpini ukatulia. Daktari akaweka vidole shingoni mwa mzee, akasikiliza. Macho ya Barakat yakapanda juu, taya likaanguka.

"Bado umegoma. Sukuma!"

Kat! Puu! Macho yakashuka tena. "...na... a-cha-ri," akaendelea Mzee Barakat, kana kwamba hakwenda popote, "i-pe-le-kwe... kwa wa-za-zi... wa bwa-na... ha-ru-si."

Mwidani hakuweza kusukuma pampu ile peke yake. Lakini Mungu si Athumani, nusu ya wageni upande wake walikuwa genge lake la bandarini, na bandarini mtu hafundishwi zamu. Msimamizi wao Kazungu, Mgiriama wa Kisauni mwenye mabega kama mlango, akavua koti.

"Wawili wawili! Huyu akichoka, huyu adaka! Mpini usiguse hewa!"

Wakadaka. Ila kila jozi ilikuja na mwendo wake. Huyu alisukuma kama anapalia, yule kama anafukuzwa.

"Pigo moja sawasawa!" Daktari alilalamika. "Kama saa ya ukutani! Hamna mtu wa kushika pigo?"

"Pigo?" Mwanasaumu alijishika kiuno. "Daktari, pigo waulizwa wanawake. Mwanatabu! Acha bangili za watu, leta pembe za vugo!"

Wanawake wakajipanga nyuma ya pazia kama wapigavyo vugo, ngoma yao ya harusi, wakizigonga pembe kwa vijiti. Ko, ko, ko, wakaanza vizuri, na mpini ukawafuata, na Daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Sasa, nani aliyewapa wanawake wa Likoni pembe na nyumba iliyojaa watu, kisha wakabaki na ko, ko, ko? Mmoja akachomeka pigo la pili. Mwingine akajibu la tatu. Kabla hujatema mate, vugo limeshakuwa chakacha.

Kiuno cha Kazungu kikaanza kwanza, chenyewe, bila idhini. Mikono ikakifuata kiuno. Mpini ukazifuata pembe.

Miguu ya Mzee Barakat ikaanza kucheza huku na huku mkekani.

"Ala-ala-ala-pu-ngu-ze-ni-pu-ngu-ze-ni-na-po-te-a!"

"Mtamuua kwa harusi yake!" Daktari alinguruma.

"Wanawake!" Mwanasaumu alitupa mkono juu. "Aibu yenu! Pigeni lile la kumtoa mwari nje, la maringo! Huyu ni mgonjwa, si mchezaji!"

Pembe zikatulia. Ko. Ko. Ko. Kazungu akakamata kiuno chake kwa mkono mmoja mpaka kikasikia. Miguu ya mzee nayo ikalala.

"Vumilia, Mzee," Kazungu akamwambia kwa pumzi. "Uhuru ni mwezi ujao tu. Utakufaje na bendera haijapanda?"

"Na... wa-li... ha-u-ja... li-wa," akajibu Mzee Barakat.

Abud alikuwa ameona ya kutosha. Alimgeukia Shehe.

"Shehe Bakari, huu ni mzaha na dini. Mtu asukumwaye na makuli si hai. Hili ni gunia linatikiswa. Gunia haliozeshi."

"Abud," Mwanasaumu akadakia kabla Shehe hajafungua mdomo, "wewe ulipokuwa na homa ya matumbo, ukalishwa kwa mrija na kugeuzwa na watu wanne, tulikusomea hitima? Mbona tulikuita mgonjwa?"

"Mimi moyo wangu ulikuwa ukipiga wenyewe!"

"Na ulimi wako pia, kwa bahati mbaya."

Shehe Bakari alikuwa mtu wa wasiwasi, tena alifunga siku hiyo ili apate nafasi ya pilau. Alijikuna ndevu. Alimtazama Daktari, akamtazama Abud, akamtazama Mzee Barakat, aliyemtazama naye, kope zikicheza kwa pigo.

"Walii hutakiwa akili na ulimi," akasema mwishowe. "Mikono ya nani yasukuma, hilo sikulisoma popote. Nitamjaribu. Barakat! Huyu aliyesimama hapa ni nani?"

Mzee Barakat aligeuza macho.

"A-bud... ndu-gu ya-ngu. Mwi-zi... wa ha-lua... ta-ngu... m-do-go."

Kicheko kiliipeleka feri ng'ambo peke yake.

"Akili anayo," Shehe akahukumu. "Na kumbukumbu anayo kupita kiasi. Walii ni yeye. Mwidani, rudi mkekani."

Abud akageuka kumtafuta mwanawe. "Karama! Karama yuwapi?"

Nguzo ilikuwa tupu. Mwanasaumu naye aliitazama, akasema moyoni alhamdulillahi, kijana kaona haya, kaenda zake na joho lake. Hapo ndipo somo mzima alipokosa kutumia akili. Lakini tusimtangulie.

"Fanyeni upesi," Daktari alionya. "Kibarua huyu hana mkataba. Na Mzee anachoka."

Mwidani akakaa, kanzu imemganda kwa jasho. Akaweka mkono wake katika mkono wa Mzee Barakat. Kazungu na mwenziwe walikuwa kwenye mpini. Abud alichuchumaa pale pale penye pampu, uso karibu na uso wa nduguye, tayari kupinga herufi yoyote itakayokosewa. Mwanasaumu aliuma ncha ya leso.

"Na-ku... o-za," Mzee Barakat alianza. Ko. Kat. Puu. "Bi-nti... ya-ngu. A... la..."

Na hapo king'ora cha bandari kikalia.

Uuuuuuuu! kutoka Kilindini, juu ya maji, mpaka kwenye mkeka.

Msiwalaumu, wasomaji. Mikono ile ya genge la Kazungu imekuzwa na king'ora. Kikilia, hata gunia likiwa angani kwenye ndoano, mtu huachia. Waligoma mara ngapi kuipata haki hiyo! Kikilia, kazi imekwisha, na bosi ajibebee mwenyewe.

Basi mikono minne iliachia.

Kazungu alikuwa ameshajifuta jasho na kuulizia koti lake kabla akili haijamfikia pale mikono ilipo. Mpini ukapanda juu, ukabaki hewani. Pembe zikanyamaza. Macho ya Mzee Barakat yakafumba, na "la" ya Alawiya ikabaki juu ya ulimi wake.

Kazungu alikuwa hatua tatu mbali. Daktari alikuwa upande wa pili, vidole shingoni. Mwidani mkono wake umebanwa na mkono wa mzee.

Aliyekuwa karibu na mpini ni Abud.

Mwanasaumu aliona Abud anautazama mpini. Akamwona anamtazama nduguye. Kisha akamtazama Mwidani, na kisha tena mpini. Wala hakutakiwa kutenda ovu lolote, yule mtu. Hakutakiwa hata kusema uongo. Alitakiwa achuchumae tu, kama alivyochuchumaa, na walii angekuwa yeye.

"Abud," akasema Mwanasaumu. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, neno la pili halikuja.

"Ah!" Abud alibweka. "Mkorofi wee, Barakat! Utaniachia mimi nyumba hii na wanawake hawa? Hunipati!"

Akaurukia mpini kwa mikono miwili.

Kat! Puu! Kilemba kikamwanguka. Kat! Puu! Ndevu zikamtikisika, machozi yakaruka kulia na kushoto. Kazungu alikuja kumpokea, akapigwa kiwiko. "Toka! Ndugu yangu huyu! Toka!"

Macho ya Mzee Barakat yakafunguka. Yakazunguka. Yakatua.

"A-bud... Ni we-we?"

"Ni mimi! Sema basi, Kaka! Sema upesi, mkono unakatika!"

"Ni-se-me... ni-ni?"

"Muozeshe!" Abud alipiga kelele iliyowatoa kunguru juu ya mnazi. "Muozeshe huyo Mdigo wako nami nipumzike!"

Hata Shehe alisahau kufunga mdomo.

"Na-ku-o-za... bi-nti ya-ngu... A-la-wi-ya," Mzee Barakat akasema, na safari hii jina likatoka zima, "kwa ma-ha-ri... tu-li-yo-pa-ta-na."

"Nimekubali!" Mwidani akanguruma. "Nimekubali kumuoa, nimekubali!"

"Mara moja yatosha," Shehe akasema. "Mashahidi, mmesikia? Baraka Allahu."

Vigelegele! Pembe! Pilau ikapita juu ya vichwa! Bi Zubeida akatokea nyuma ya pazia na bangili zote, na mbili za Bi Mwanatabu.

"Abud, acha," Daktari alisema.

"Siachi."

"Acha, bwana."

"Nikiacha atakufa, huoni? Wewe daktari wa wapi?"

Daktari akaukamata mpini, akavuta mkono wa Abud, akaviweka vidole vyake kwenye shingo ya nduguye. Abud akatulia. Chini ya vidole kitu kilikuwa kikigonga. Kidogo, bila mwendo maalumu, kama mgeni asiyejua mlango. Pa. Pa. Pa-pa.

"Nani huyo?" akanong'ona Abud.

"Mwenyewe. Karudi kazini."

Abud alikaa chini palepale, akalia kwa sauti, kisha akauliza kama halua imebaki.

Daktari Pinto alifuta masharubu, hatimaye. Akainua kidole.

"Nisikizeni, watu wa Likoni. Najua kunyamaza kwenu ni tabu. Moyo huu umerudi kazini lakini una kinyongo. Tutamlaza kitandani, tutamvusha feri mpaka hospitali, na pampu tunakwenda nayo. Lakini mpaka hapo, hakuna ukelele, hakuna habari mbaya, hakuna mshtuko. Ukigoma mara ya pili leo, hata huyu kibarua hataufaa."

"Nipeni kitu kimoja kwanza," Mzee Barakat akasema. Sauti yake sasa ilikuwa nyembamba lakini imenyooka, haina tena vipande. "Nimwone mwanangu. Nimwone mumewe akimpa mkono. Kisha mnivushe popote mtakapo."

Daktari alitazama saa, akatazama uso wa mzee, akakosa moyo wa kukataa. "Mara moja tu. Na polepole."

Mwanasaumu hakungoja kumalizika. Alikimbia ndani, kifua kimemjaa habari, habari tamu kuliko zote alizowahi kuwa wa kwanza kuzipeleka.

Alawiya alikuwa kitandani, amekaa kama alivyoachwa, shela kutoka kichwani mpaka sakafuni. Hakutoka. Hakutikisika.

"Mwanangu! Umeolewa! Na Mwidani wako! Baba mzima, na ami yako ndiye aliyempiga bomba! Pokea basi mkono wa somo wako!"

Shela likatikisika. Halikusema neno.

"Wanililia? Leo wa kulia ni mimi."

Mwanasaumu akainama kumshika miguu, kama mila. Akaishika. Akaiachia. Akaitazama.

Mguu uliotokeza chini ya shela haukuwa na hina. Haukuwa na piko. Ulikuwa mguu mkubwa, wenye nywele juu ya kidole gumba.

Akalifunua shela.

"Somo," akasema Karama, machozi ya aibu machoni na bangili sita mkononi, "nisaidie kuzivua. Hazishuki."

"Yuwapi Alawiya?"

"Alisikia babangu akisema neno sasa ni lake. Mimi nami sikutaka, somo, wallahi. Mimi nina wangu Kisauni. Nikampa joho na kilemba na jambia, nikamwambia, nenda, mimi nitakaa hapa niwashughulishe wanawake. Katoka kabla babake hajafumbua macho."

"Kaenda wapi, mtoto wa watu?"

Karama akaonyesha dirisha.

Feri ilikuwa imeshaachana na gati. Kati ya baiskeli na makapu ya mihogo, alisimama bwana harusi mfupi wa Kiarabu, joho la zari kalikamata kwa mikono miwili lisimkwaze, jambia limemfika gotini. Na chini ya joho, miguu myeusi kwa piko na myekundu kwa hina, kazi safi ya siku mbili. Somo hasahau hina yake. Mke halali wa Mwidani Boga alikuwa anamkimbia mumewe bila kujua kwamba ni mumewe.

Mlangoni zikasikika nyayo. Nyingi, za watu waliobeba kitanda.

"Polepole," ilisema sauti ya Daktari. "Msimtikise."

"Hodi, somo!" ilisema sauti ya Mwidani, na tabasamu lilisikika mpaka ndani. "Nimekuja kumpa mkono mke wangu."

"Alawiya?" iliita ile sauti nyembamba. "Mwanangu, uko?"

Mwanasaumu alitazama feri. Alitazama mlango. Kisha akamtazama Karama, naye Karama akaanza kutikisa kichwa kabla hajaambiwa lolote.

"Hapana, somo. Hapana, hapana."

"Baba mkubwa wako anakuita." Shela likamshukia kichwani kama wavu. "Itikia."

"Niitikie nini?"

"Abee, mjinga wee! Tena nyembamba! Na ufiche hiyo miguu!"

Mlango ukafunguka.

"Abee, baba," akasema bi harusi, kwa sauti iliyovunjika katikati.

Mzee Barakat akatabasamu juu ya kitanda, mkono kifuani. Mwidani akaingia, ametandaza kiganja kilichochubuliwa na pampu. Na nyuma yao, ncha ya kitanda begani, halua shavuni, akaja Abud.

Abud aliona shela. Akashusha macho kwa heshima, yakatua sakafuni, penye mguu mmoja uliochelewa kurudi ndani. Penye kisigino kulikuwa na kovu, lile la mbwa wa Mtongwe, ambalo yeye mwenyewe alilifunga kitambaa mwanawe alipokuwa darasa la pili.

Abud akameza halua. Akajaza kifua pumzi, na kinywa chake kikaanza kufunguka.